Nani Alilipa? Gharama za Kuishi Ugenini kwa Wahamiaji na Wapigania Uhuru wa Msumbiji jijini Dar es Salaam, 1960–1975

Ikisiri

Makala haya yanachunguza gharama za kuhamia na kuishi ugenini kwa kutumia mfano wa watu wa Msumbiji waliokaa Dar es Salaam kabla ya nchi yao kupata uhuru mwaka 1975. Hoja kuu ni kwamba gharama hizo hazikuwa za fedha pekee, na kwamba aliyezilipa ndiye aliyeamua masharti ya maisha ya mgeni. Mhamiaji aliyejilipia mwenyewe alibaki na uhuru wa kuchagua, lakini hakuwa na ulinzi. Aliyelipiwa na chama au mfadhili alipata ulinzi, na kwa sababu hiyohiyo akawa mdaiwa. Mgogoro wa mwaka 1968 katika Taasisi ya Msumbiji iliyokuwa Kurasini unafafanuliwa hapa kuwa mgogoro juu ya deni hilo.

1.0 Utangulizi

Historia ya Tanzania kama makao ya vyama vya ukombozi imeandikwa kwa wingi, na sehemu kubwa ya maandishi hayo imejengwa juu ya dhana ya ukarimu. Inaelezwa kwamba FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, kwamba Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliiweka Kamati yake ya Ukombozi katika jiji hilo mwaka 1963, na kwamba serikali ya Mwalimu Julius Nyerere ilizibeba harakati hizo kwa gharama kubwa. Maelezo hayo ni ya kweli. Hata hivyo, yanamtazama mwenyeji zaidi kuliko mgeni. Yanapozungumzia gharama, huwa ni gharama ya dola iliyopokea. Ile ya mtu aliyevuka mto Ruvuma akiwa na mzigo wake kichwani hutajwa kwa kupita tu.

Makala haya yanageuza mtazamo huo. Swali linaloyaongoza ni hili: maisha ya ugenini ya watu wa Msumbiji waliokaa Dar es Salaam yaligharimiwa na nani, na malipo hayo yalimpa mlipaji madaraka gani juu yao? Eneo linalohusika ni vitongoji ambavyo leo vimo katika wilaya za Temeke na Kinondoni. Kurasini, jirani na bandari, ilikuwa na shule ya chama. Oysterbay, iliyokuwa mtaa wa Wazungu wakati wa ukoloni, ilikuwa makazi ya baadhi ya viongozi na wageni wa kimataifa. Umbali kati ya vitongoji hivyo viwili si mkubwa, lakini tofauti ya hali ya maisha ilionekana wazi kwa waliokuwa wakiishi ugenini.

2.0 Waliotangulia: vibarua wa mkonge na wachonga vinyago

Wapigania uhuru hawakuwa wa kwanza kuvuka Ruvuma. Tangu miongo ya mwanzo ya utawala wa Waingereza, Wamakonde wa Msumbiji, ambao Tanganyika walizoea kuitwa Wamawia, walikuja kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge. Alpers, katika makala yake ya mwaka 1984, ameonyesha kuwa uhamaji huo ulikuwa njia ya kutafuta maisha bora na pia shule ya siasa. Nyuma yao waliacha kodi ya kichwa, kilimo cha pamba cha kulazimishwa na kazi za shokoa. Kwa hiyo hesabu ya mhamiaji ilikuwa na pande mbili: gharama ya kuondoka na gharama ya kubaki. Wengi waliona kwamba kubaki kulikuwa ghali zaidi.

Kundi hili lilijilipia lenyewe. Nauli ilikuwa miguu, na mtaji wa kuanzia maisha ulikuwa ndugu aliyetangulia, ambaye alimpokea mgeni, akamlisha na kumtafutia kazi. Methali ya Kiswahili inayosema kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe, ilikuwa kanuni halisi ya uchumi kwao: ukarimu wa jamaa ulikuwa mkopo wa muda mfupi, na ulirudishwa kwa kumpokea mwingine. Waliofika Dar es Salaam na kuingia katika uchongaji wa vinyago waligeuza ujuzi wa nyumbani kuwa riziki ya mjini. Katika miaka ya 1950 mfanyabiashara Mohamed Peera aliwanunulia na kuwatafutia soko, na sanaa hiyo ikapata sura mpya iliyolenga wanunuzi wa kigeni. Kijiji cha vinyago cha Mwenge, Kinondoni, ni mrithi wa historia hiyo.

Gharama iliyofichika hapa ni ya hadhi. Kibarua huyo hakuwa raia, wala hakuwa mkimbizi kwa maana ya kisheria. Hakuna chombo kilichowajibika kwake alipougua au alipozeeka. Lakini pia hakuna aliyeweza kumwambia wapi aishi, asome nini au akapigane lini. Ni katika jamii hii ambamo vyama vya kusaidiana vya Wamakonde vilizaa MANU, mojawapo ya vyama vitatu vilivyoungana kuunda FRELIMO pamoja na UDENAMO na UNAMI. Mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960 yaliwaongezea sababu ya kujihusisha na siasa. Michango yao midogo ilitangulia fedha za wafadhili wote.

3.0 Kurasini: elimu kwa fedha za wengine

Mwaka 1963 mfumo mwingine wa malipo uliingia. Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, aliacha kazi ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, akahamia Dar es Salaam. Mkewe, Janet Mondlane, Mmarekani aliyezaliwa Illinois, alichukua jukumu la kuiendesha Taasisi ya Msumbiji huko Kurasini. Taasisi hiyo ilikusudiwa kuwapa elimu ya sekondari vijana waliotoroka Msumbiji, nchi ambayo Waafrika waliofika kiwango hicho cha elimu walikuwa wachache mno.

Fedha za kuanzia zilitoka Ford Foundation, takriban dola 100,000. Ureno ililalamika kwa serikali ya Marekani, ambayo ilihitaji kituo chake cha kijeshi katika visiwa vya Azores vilivyo chini ya Ureno, na ufadhili huo haukuendelezwa. Tukio hili ni la msingi katika hoja ya makala haya. Chakula na daftari la mwanafunzi wa Kurasini vilitegemea uhusiano wa kijeshi kati ya mataifa mawili yaliyo mbali naye, ambayo hakuwa na sauti yoyote ndani yake. Pengo lililoachwa lilizibwa hasa na Sweden kuanzia katikati ya miaka ya 1960, kisha na nchi nyingine za Skandinavia. Mwaka 1970 Baraza la Makanisa Ulimwenguni nalo lilianza kutoa fedha kupitia mpango wake wa kupambana na ubaguzi wa rangi.

Wafadhili wa Skandinavia walitoa misaada kwa masharti ya kibinadamu: elimu, afya na mahitaji ya raia, bila silaha. Silaha zilitoka kwingine, hasa nchi za kijamaa. Mgawanyo huo uliipa Taasisi nafasi ya pekee. Kwa mfadhili ilikuwa shule. Kwa chama ilikuwa mahali pa kuandaa makada wa vita iliyokuwa imeanza tarehe 25 Septemba 1964. Kwa kijana mwenyewe ilikuwa mlango wa kupata nafasi ya masomo ng'ambo. Pande tatu ziliitazama shule moja kwa matarajio matatu, na kila upande uliamini kwamba umekwisha kulipa sehemu yake.

4.0 Deni la vijana: mgogoro wa 1968

Panzer (2009) ameufafanua mgogoro wa Kurasini kuwa mgongano wa vizazi na wa mawazo kuhusu elimu. Makala haya yanakubaliana naye, lakini yanapendekeza kuongeza kipengele cha deni. Mwaka 1966 Kamati Kuu ya FRELIMO iliamua kwamba wanafunzi walipaswa kusimamisha masomo inapohitajika ili kulitumikia vuguvugu. Mwishoni mwa mwaka 1967 Mondlane aliandika waraka uliofafanua wajibu wa wanafunzi katika mapambano. Mantiki yake ilikuwa wazi: elimu hii haikugharimiwa kwa manufaa ya mtu mmoja mmoja, bali kwa damu ya wapiganaji na kwa jina la taifa, kwa hiyo anayeipata anadaiwa na taifa.

Wanafunzi wengi hawakuikubali hesabu hiyo. Wao walihesabu mambo mengine: kuachana na wazazi ambao hawakujua kama wangewaona tena, safari ya hatari, na miaka ya ujana iliyopita wakisubiri. Kwa maoni yao walikuwa wamelipa tayari. Kuliongezwa malalamiko kuhusu matumizi ya Kireno badala ya Kiingereza, ambacho kingewafungulia vyuo vya nje, na kuhusu kuwapo kwa walimu Wazungu wenye asili ya Kireno. Padri Mateus Gwenjere aliyapa malalamiko hayo sauti. Machi 1968 vurugu zilizuka, Taasisi ikafungwa, na wanafunzi kadhaa wakakimbilia Kenya. Baadhi ya walimu hao waliamriwa na serikali kuondoka nchini.

Mei mwaka huohuo kundi la Wamakonde liliivamia ofisi ya FRELIMO jijini, na mtumishi mmoja wa chama akajeruhiwa na kufariki. Waliohusika walidai uongozi mpya. Katika tukio hili mifumo miwili ya malipo iliyoelezwa hapo juu inakutana. Wahamiaji wa zamani, waliojigharimia ugenini kwa jasho lao na ambao watu wao wa Cabo Delgado ndio waliokuwa wakibeba sehemu kubwa ya vita, waliwatazama viongozi waliotoka kusini, wenye elimu na marafiki wa ng'ambo, wakiishi katika nyumba nzuri. Si lazima lawama zao zote ziwe za haki ili mwanahistoria atambue chanzo chake. Tarehe 3 Februari 1969 Mondlane aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, alipokuwa akifungua barua zake katika nyumba ya rafiki upande wa Oysterbay. Roberts (2021) ameonyesha jinsi mauaji hayo yalivyofungamana na siasa za jiji zima, na si za chama kimoja.

5.0 Karatasi na makazi

Sheria ya kudhibiti wakimbizi ya mwaka 1965 ilimpa waziri mamlaka ya kuamua wakimbizi waishi wapi na kwa kibali gani. Kwa vitendo, wageni kutoka Msumbiji waligawanyika katika mafungu. Wakulima waliokimbia vita walipelekwa katika makazi ya vijijini kama Rutamba, mkoani Lindi. Huko Shirika la Kikristo la kuwahudumia wakimbizi, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni, lilisaidia kugharimia huduma hadi waweze kujilisha. Wapiganaji walipelekwa kambini, Nachingwea ikiwa maarufu zaidi. Kubaki Dar es Salaam kulihitaji sababu iliyothibitishwa na chama.

Hapo ndipo gharama ya kutofautiana na chama ilipopanda. Chama kilikuwa mdhamini wa uhalali wa mtu kuwapo nchini. Aliyefukuzwa au kujitoa alipoteza kwa mara moja mlo, malazi na hoja ya kisheria ya kuendelea kuishi jijini. Kwa sababu hiyo, kukimbilia Kenya kwa wanafunzi wa mwaka 1968 hakuelezeki kwa itikadi pekee. Walikuwa wakitafuta nchi ambayo uhalali wao haungetegemea barua ya chama walichokwisha kukosana nacho. Mchonga vinyago, kinyume chake, aliendelea kukaa alipokaa, kwa kuwa hakuna aliyemdhamini, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwondolea udhamini.

6.0 Sehemu ya mwenyeji

Mtazamo huu haufuti gharama ya Tanzania. Desemba 1965 nchi ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukasitishwa. Vijiji vya mpakani mwa Ruvuma na Mtwara vilikumbwa na mashambulizi ya Wareno. Aidha, nchi kadhaa wanachama zilichelewesha michango yao kwa Kamati ya Ukombozi, na hivyo mzigo wa kila siku ukamwangukia mwenyeji. Jambo la kuzingatia ni kwamba mwanakijiji wa mpakani, kama alivyokuwa mhamiaji, alilipa bila kushirikishwa katika uamuzi. Ukarimu wa taifa ulikuwa na walipaji wengi wasio na majina.

7.0 Hitimisho

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, miaka 13 kamili baada ya FRELIMO kuundwa. Viongozi na makada walirudi, na miaka mitatu baadaye serikali za nchi hizo mbili zilianzisha kwa pamoja kituo cha mafunzo ya uhusiano wa kimataifa hukohuko Kurasini. Kumbukumbu rasmi ya ugeni ikapata jengo. Wachongaji na vibarua wengi hawakurudi. Watoto wao walikulia Dar es Salaam wakizungumza Kiswahili, na swali la uraia wao liliachwa lijibiwe na kila familia kwa namna yake.

Matokeo ya uchambuzi huu kwa utafiti ni mawili. Kwanza, gharama ya ugenini ipimwe kwa vipengele vinne angalau: fedha, hadhi ya kisheria, muda wa maisha unaotumika kusubiri, na wajibu anaobebeshwa mgeni kwa kulipiwa. Kipengele cha nne ndicho kilichopuuzwa zaidi, na ndicho kinachoeleza vizuri mwaka 1968. Pili, waliojilipia wenyewe wameacha nyaraka chache kuliko waliolipiwa, kwa kuwa hawakumwandikia mfadhili yeyote taarifa. Historia inayotegemea hifadhi za vyama na wafadhili pekee itaendelea kuwahesabu hao kuwa ni mazingira ya tukio, ilhali wao ndio waliokuwapo kabla ya chama, waliokichangia kilipoanza, na waliobaki kilipoondoka.