Kuku Alikuwamo: Juu ya Kufasiri Picha na Filamu

Insha yangu ya kwanza katika somo la filamu ilirudi na neno moja tu la wino mwekundu, limerudiwa mara saba pembeni mwa kurasa: "Wapi?" Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Niliandika kwamba mhusika mkuu amekata tamaa, kwamba jiji linamsonga, kwamba mwongozaji analaumu tamaa ya fedha. Mwalimu hakupinga hata moja katika hayo. Aliuliza tu nimeyaona wapi. Nikarudi maktaba, nikaitazama filamu upya nikiwa na kalamu mkononi, nikakuta kwamba mambo matatu kati ya yale saba hayamo kabisa. Nilikuwa nimeyasoma nyuma ya kasha lake.

Makala haya yanalitetea swali la mwalimu yule, na pia yanaonyesha mahali linapoishiwa nguvu. Nadai kwamba mtazamaji ana uhuru mkubwa wa kufasiri kuliko walivyokubali waliozoea kumpangia aone nini, lakini uhuru huo unadaiwa ushahidi, na ushahidi wa kwanza ni picha yenyewe. Katika historia ya filamu Afrika kuna kisa kimoja kilichotumiwa miaka mingi kuthibitisha kwamba Mwafrika hajui kusoma picha. Nikikisoma leo, naona kinathibitisha kinyume chake.

Kabla ya kisa, lugha. Neno letu "picha" halitengi vitu ambavyo vyuo vimevitenga. Picha ni ile ya pasipoti, ni mchoro wa mtoto ukutani, na ni sinema. Vijana wakitaka kuikuza wanabadili ngeli tu, likawa "picha la ngumi" au "picha la Kihindi". "Kutafsiri" nako kumebeba mizigo zaidi ya mmoja. Wataalamu wametugawia: tafsiri ni ya maandishi, ukalimani ni wa mdomo, kufasiri ni kueleza maana. Mgawanyo huo unasaidia darasani, ila mtaani haupo, na nadhani mtaa ndio wenye hoja hapa. Ndoto hutafsiriwa. Filamu hutafsiriwa. Katika misikiti ya pwani, mwezi wa Ramadhani, darsa la tafsiri huendeshwa kwa aya kusomwa kisha shekhe kuieleza kwa Kiswahili, akitia sababu, mfano na onyo. Wasikilizaji wanajua wazi aya imeishia wapi na maelezo yameanzia wapi. Anayetafsiri amesimama kati ya kitu na watu, na pande zote mbili zinamdai.

Sasa twende Vugiri, katika milima ya Usambara. Kati ya 1935 na 1937, Leslie Notcutt na Geoffrey Latham waliendesha huko mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kwa fedha za shirika la Carnegie la New York. Walitengeneza filamu zipatazo 35 za kufundisha afya, kilimo na uwekaji akiba. Filamu zilikuwa bubu. Sauti iliwekwa kando, kwenye santuri, ili lugha ya maelezo iweze kubadilishwa kadiri lori la maonyesho lilivyosafiri. Jambo hili la kiufundi linanivutia kuliko filamu zenyewe. Waliokuwa na mashaka iwapo Mwafrika ataielewa picha walikuwa wao wenyewe hawaiamini picha bila msemaji. Hata baadaye, magari ya sinema ya serikali yalipozunguka vijijini, mara nyingi alisimama mkalimani mwenye kipaza sauti kando ya turubai jeupe, akieleza kinachopita. Kwa hiyo msomaji wa picha wa Kiafrika alikuwapo tangu mwanzo, tena ameajiriwa. Hakuhesabiwa tu kuwa ni msomaji.

Mwaka 1939 Uingereza ilianzisha Colonial Film Unit chini ya William Sellers, aliyepata uzoefu wake katika kazi ya afya Nigeria. Sellers aliweka kanuni za kuwatengenezea filamu watu aliowaona wachanga kwa picha: mwendo uwe wa polepole, kamera isikatishe ovyo, vitu visivyohusika viondolewe kwenye fremu, na hila za kamera ziachwe. Kanuni hizo zilidumu, ingawa hazikutokana na kuwasikiliza watazamaji kwa makini. Zilitokana na kudhani kwamba ukiondoa kila kisichotakiwa, kitakachobaki ni fundisho.

Hapo ndipo anapoingia kuku. John Wilson, mtaalamu wa filamu za elimu, alisimulia kisa ambacho mwananadharia wa mawasiliano Marshall McLuhan alikieneza duniani katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy cha 1962. Filamu ya dakika kama tano ilionyeshwa kwa watu zaidi ya thelathini katika kijiji kimoja cha Afrika. Ilimwonyesha mfanyakazi wa afya akiondoa maji yaliyotuama kwenye makopo na madimbwi ya nyumbani, polepole, hatua kwa hatua. Wakaulizwa wameona nini. Wakajibu: kuku. Waonyeshaji wakashangaa, maana hawakujua kama kuna kuku katika filamu yao. Wakaipekua fremu baada ya fremu, na kweli, kwa muda wa sekunde moja hivi, kuku aliyeshtuliwa alikuwa amekatiza kwenye pembe ya chini ya fremu.

Wilson alihitimisha kwamba watu wale hawakuwa na mazoea ya kuikamata fremu nzima kwa pamoja, bali waliichunguza kipande kwa kipande. McLuhan akalijengea hilo nadharia ya watu wa kusoma na watu wasiosoma. Tangu hapo kuku yule ameparamia vitabu vingi vya mawasiliano kama kichekesho chenye somo.

Naomba tukae na kuku huyu kidogo, maana hatukumtendea haki. Kwanza, alikuwamo. Hili ni jambo la uzito mkubwa. Ukiniuliza nani aliyeshindwa kuiona filamu ile, nitakujibu kwamba ni walioipiga, wakaihariri, wakaibeba hadi kijijini, wakaionyesha, na bado hawakujua kilichomo. Watazamaji wangeulizwa "Wapi?" wangekuwa na jibu, na jibu lilithibitika kwa fremu. Katika insha yangu ya mwaka wa pili mimi sikuweza kufanya hivyo kwa mambo matatu kati ya saba.

Pili, swali lilikuwa "Mmeona nini?" Halikuwa "Mmefundishwa nini?" Mtu akiulizwa ameona nini, ana haki ya kutaja kilichomshtua. Mle ndani mfanyakazi wa afya alikuwa anaigiza. Aliokota kopo polepole kuliko binadamu yeyote aokotavyo kopo, kwa sababu kanuni zilitaka aende polepole.  Kuku peke yake hakuambiwa la kufanya. Alishtuka kweli, akaruka kweli, kwa mwendo wake wa kila siku. Anayeishi na kuku anajua pia kwamba kuku haruki bure: kuna aliyemshtua, na huenda aliyemshtua ndiye habari. Huku ni kuitazama picha kwa jicho la mtu anayejua uwanja wa nyumba unavyokuwa. Walipoulizwa zaidi, walisema walimwona na yule mtu. Labda hawakuona sababu ya kuanza na yeye.

Siwezi kudai kujua waliwaza nini, maana maneno yao yaliyoandikwa ni machache mno. Lakini naweza kudai kwamba kisa hakitoshi kubeba hukumu iliyotwikwa. Kilichopungua pale ni makubaliano juu ya kipi ni kikuu na kipi ni cha pembeni, na makubaliano hayo hayakai machoni. Yanafundishwa. Sisi tuliokulia mbele ya televisheni tumefundishwa kwamba kilichoko katikati ya fremu na chenye mwanga ndicho kinachotuhusu, na tumesahau kwamba tulifundishwa.

Hadi hapa ningeweza kusema kwamba picha ni shahidi, tumwulize, tumalize. Haiwi rahisi hivyo. Lev Kuleshov, mwongozaji wa Urusi, anasifiwa kwa jaribio alilolifanya miaka ya mwanzo baada ya mapinduzi ya 1917: uso uleule wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin uliunganishwa na sahani ya supu, kisha na jeneza, na watazamaji wakaona njaa kwanza na majonzi baadaye. Mkanda wenyewe haupo tena. Tunategemea kumbukumbu za Kuleshov na za mwanafunzi wake Pudovkin. Hata hivyo, kila mhariri wa filamu anajua kwamba jambo hilo hutokea. Huzuni ile iko wapi? Haimo usoni, wala haimo ndani ya jeneza. Mwalimu wangu angeandika "Wapi?" na mtazamaji angelazimika kuonyesha mshono kati ya vipande viwili.

Maneno nayo hushona. Mwananadharia Mfaransa Roland Barthes aliandika mwaka 1964 kwamba maandishi yanayoambatana na picha huitia nanga, yakiizuia maana isielee huku na huko. Tunaliona hili kila wiki katika makundi ya WhatsApp: picha ya basi lililopinduka miaka iliyopita, katika nchi nyingine, inatumwa na maelezo kwamba ajali imetokea leo asubuhi karibu na kwetu. Watu wanakimbilia simu, wanalia. Basi limo, damu imo, barabara imo. Tarehe tu ndiyo haimo. Hapa kuitazama picha kwa makini zaidi hakusaidii. Lazima tuulize pia imewekwa karibu na nini, na nani ameiweka. Swali la "Wapi?" linabaki, ila linapanuka hadi nje ya fremu.

Nikiwa na mawazo haya ndipo ninapowageukia wasimulizi wa filamu, watu ambao wasomi wetu wamechelewa kuwaheshimu. Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro, na Uganda ina akina VJ Jingo wanaosimulia kwa Kiganda. Msimulizi huifunika sauti ya asili, anawapa wahusika majina, anaeleza safari, anatia methali, anamwonya steringi, yaani shujaa wa filamu, kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Wapo wanaosema huu ni uharibifu wa kazi ya mtu. Suala la hakimiliki ni la kweli na sitalipuuza, lakini si suala la ufasiri. Mwanaanthropolojia Matthias Krings aliipa makala yake ya 2010 juu ya wasimulizi wa Tanzania jina lenye sitiari ya wali kugeuzwa pilau, na sitiari hiyo inanitosha. Viungo vimeongezwa, rangi na harufu vimebadilika, lakini anayekula bado anatafuna mchele, na mchele ukiwa haujaiva atajua.

Nilijifunza hili kabla sijajua kama kuna somo la filamu. Mtaani kwetu kulikuwa na kibanda umiza cha kuonyeshea sinema, chenye mabenchi ya mbao na pazia zito jeusi mlangoni. Siku moja liliwekwa picha la ngumi lililotafsiriwa, lile ambalo baba anaukuta mwili wa mwanawe. Sauti ya DJ ikaeleza kwa ukali kwamba baba anaapa, kabla jua halijazama damu italipwa kwa damu. Mtoto wa miaka saba au minane, aliyekaa mchangani mbele kabisa, akasema kwa sauti, "Mbona mdomo haufunguki?" Kijana mmoja akamjibu kwamba anaapa moyoni. Mama aliyekuwa akiuza karanga mlangoni akasema hapana, yule haapi, yule amechoka. Ukazuka ubishi, DJ akiendelea kuapa juu yake, hadi mzee mmoja akanyanyua bakora na kumwambia mwenye kibanda, "Hebu irudishe nyuma, baba."

Ikarudishwa, na mara hii sauti ikazimwa. Tukautazama ule mdomo, watu kama arobaini, kimya.