Kapoeira na muziki: kutoka santuri ya Bimba hadi spika ya leo

Katika baadhi ya kumbi za kapoeira, mchezo wa kupigana unaochezwa kwa muziki, siku hizi mazoezi huanza kwa hip-hop, rege au samba ikitoka kwenye spika. Wanafunzi wanapasha mwili moto huku berimbau, upinde wenye waya mmoja na kibuyu, ikiwa bado imetundikwa ukutani. Wapo wakongwe wanaolalamika kwamba huko ni kuua mila. Historia ya mchezo huu inaonyesha kuwa muziki wake haujawahi kusimama mahali pamoja.

Kapoeira ilizaliwa Brazil miongoni mwa Waafrika waliopelekwa utumwani, wengi wao kutoka Angola na Kongo. Mwaka 1835 mchoraji Mjerumani, Johann Moritz Rugendas, alichapisha picha ya wanaume wawili wakicheza kapoeira huku wamezungukwa na watazamaji. Mpigaji wao amekalia ngoma, berimbau haionekani. Upinde huo wenye asili ya Afrika ya Kati ulikuwapo Brazil wakati huo, lakini ulijulikana zaidi mikononi mwa wachuuzi na waombaji wa mitaani. Baadaye ndipo uliposhika usukani wa kapoeira. Hata waya wake wa leo kwa kawaida huchunwa kutoka kwenye tairi kuukuu la gari. Chombo tunachokiita cha jadi, kwa hiyo, nacho kimejengwa kwa vitu vya zama zake.

Sheria ya adhabu ya mwaka 1890 iliifanya kapoeira kuwa kosa la jinai. Wachezaji husimulia kwamba mdundo wa Cavalaria, unaoiga kwato za farasi, ulipigwa kuwatahadharisha wenzao kwamba polisi wa farasi wanakuja.

Mambo yalianza kubadilika mjini Salvador, jimbo la Bahia. Mwaka 1937 shule ya Manuel dos Reis Machado, maarufu kama Mestre Bimba, ilipata kibali rasmi. Bimba alitumia berimbau moja na matari mawili. Mwaka 1941 Vicente Ferreira Pastinha alianzisha kituo cha kapoeira Angola, mkondo ambao leo hupigiwa berimbau tatu, matari, ngoma na kengele. Katika mikondo yote miwili, wa Bimba na wa Pastinha, mdundo ndio unaotoa amri. Ule wa Angola huwaita wachezaji chini, polepole, kwa hila. Mdundo wa São Bento Grande huwataka waende kasi. Katika shule ya Bimba, mdundo wa Iúna ulikuwa wa wahitimu peke yao, na haukuimbiwa.

Mtazame mpigaji wa berimbau kwa karibu. Mkono mmoja umebeba upinde na jiwe dogo. Mwingine umeshika kijiti pamoja na kikapu kidogo chenye mbegu ndani. Jiwe likigusa waya kidogo, sauti inakwaruza. Likiachia, inatoka sauti nzito. Likibana sawasawa, inatoka nyembamba. Mdundo wa Angola ni mikwaruzo miwili, nzito, nyembamba, kisha kimya kifupi. Zigeuze nzito na nyembamba, tayari umeingia São Bento Pequeno, na mchezo unabadilika.

Bimba huyo huyo, aliyekuwa mkali wa nidhamu, hakuiogopa teknolojia. Katika miaka ya 1960 alitoa santuri ya mafunzo ya kapoeira yake, ikiambatana na kijitabu cha masomo. Ina maana kwamba muziki wa kurekodiwa uliingia katika mazoezi kwa mkono wa mwalimu mkuu mwenyewe. Pastinha naye alirekodi santuri mwaka 1969. Kanda na CD zilipofuata, nyimbo za Bahia ziliwafikia wanafunzi wa mbali ambao hawakuwa na mpigaji hata mmoja.

Berimbau nayo ilitoka kwenda kukutana na muziki mpya. Mwaka 1967 Gilberto Gil aliimba “Domingo no Parque” katika tamasha la televisheni nchini Brazil, berimbau ikilia pamoja na magitaa ya umeme ya Os Mutantes. Mwaka 1996 bendi ya roki nzito ya Sepultura iliitumia katika albamu yake ya Roots. Kijana anayechanganya berimbau na midundo ya kompyuta leo anafuata njia iliyokwisha kufunguliwa.

Mazoezini, faida ya muziki wa kisasa ni dhahiri. Ginga, ule mwendo wa kuyumba ambao ndio msingi wa kapoeira, unahitaji mguu urudi nyuma kwa wakati ule ule kila mara. Mdundo wa hip-hop usiobadilika humsaidia anayeanza kuzoea hilo, na humwezesha kurudia teke moja mara nyingi bila kupoteza mpangilio. Wataalamu wa michezo wameonyesha pia kwamba muziki unaolingana na mwendo humfanya mtu asihisi sana uchovu.

Lakini spika haina macho. Katika roda, yaani duara la mchezo, mpigaji wa berimbau kubwa huwatazama wachezaji. Akiona hasira inapanda, hupunguza kasi au huwaita waje mbele yake. Washiriki wengine hupiga makofi na kuitikia nyimbo. Duara hilo ndilo UNESCO iliyoliingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Mwaka huo huo mradi wa UNICEF na ubalozi wa Brazil ulianza kutumia kapoeira mjini Goma, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuwasaidia watoto waliotoka katika makundi yenye silaha. Mtoto aliyezoea amri za bunduki anahitaji kuimba na kuitikiwa na wenzake, jambo ambalo rekodi haiwezi kumpa.

Walimu wa kapoeira, basi, wasiuone muziki wa kisasa kuwa adui. Wautumie kupasha mwili, kurudia mateke na kuwavuta vijana. Ila roda inapofunguliwa, spika izimwe, na kila mwanafunzi, hata yule wa wiki ya kwanza, afundishwe kushika berimbau, kupiga makofi na kuitikia. Asiyeweza kuupiga mchezo wake bado hajaujua.