Opera ya Cape Town: Msimu unaosimama juu ya mabega ya kwaya

Kila msimu mpya wa maonyesho unapokaribia, kampuni ya Cape Town Opera ya Afrika Kusini hukabiliwa na maswali matatu kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa: michezo ipi ionyeshwe, nani waiimbe, na fedha zitoke wapi. Kila kampuni ya opera duniani hujiuliza hayo, lakini katika jiji hilo la kusini mwa Afrika majibu yake yamebeba historia nzito.

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake, yote au sehemu kubwa, huimbwa kwa kuandamana na okestra. Onyesho moja huhitaji waimbaji wakuu, kwaya, wapiga ala, washonaji wa mavazi, mafundi wa taa na wajenzi wa mandhari ya jukwaani. Ndiyo maana sanaa hiyo huhesabiwa kuwa miongoni mwa zilizo ghali kuliko zote.

Ukumbi uliofungiwa wengi

Maonyesho makubwa ya kampuni hiyo hufanyika katika ukumbi wa Artscape. Ukumbi huo ulifunguliwa mwaka 1971 kwa jina la Nico Malan, na serikali ya makaburu iliutenga kwa ajili ya watazamaji weupe pekee. Milango yake ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote mwaka 1975.

Hata hivyo, opera haikuwa mali ya weupe peke yao. Kikundi cha Eoan, kilichoanzishwa mwaka 1933 katika mtaa wa District Six, kiliwakusanya wakazi ambao sheria za wakati huo ziliwaita machotara. Mwaka 1956 kikundi hicho kilionyesha La traviata ya Verdi katika Ukumbi wa Jiji. Mmoja wa waimbaji wake, Joseph Gabriels, alifika hadi jukwaa la Metropolitan mjini New York mwaka 1971, mwaka uleule ambao nyumbani kwao ulifunguliwa ukumbi asioruhusiwa kuketi kama mtazamaji.

Chimbuko la sauti

Cape Town Opera yenyewe ilianzishwa mwaka 1999, baada ya mabadiliko ya sera ya sanaa yaliyofuata uchaguzi wa mwaka 1994. Mabaraza ya sanaa ya majimbo, yaliyokuwa yakiendesha opera kwa ruzuku ya serikali, yalivunjwa, na kampuni zikatakiwa kujitegemea.

Nguzo yake kuu ni kwaya. Waimbaji wake wengi walianzia katika kwaya za makanisa, za shule na za mitaani, ambako nyimbo husomwa kwa nota za solfa, kama wanavyofanya wanakwaya wengi wa Afrika Mashariki. Katika mashindano ya kwaya nchini humo, vipande vya opera huimbwa kwa kawaida. Hivyo kijana anaweza kuijua Verdi kwa moyo kabla hajawahi kuingia katika ukumbi wa opera. Mwaka 2013 kwaya hiyo ilitunukiwa tuzo ya kwaya bora katika Tuzo za Kimataifa za Opera.

Chuo Kikuu cha Cape Town nacho hutoa waimbaji. Pretty Yende, mzaliwa wa mji mdogo wa Piet Retief, alisoma huko kabla ya kushinda shindano la Operalia mwaka 2011. Mei 6, 2023 aliimba katika kutawazwa kwa Mfalme Charles III wa Uingereza.

Mafanikio hayo yana upande wa pili. Mwimbaji akishapata jina, nyumba za opera za Ulaya na Marekani humwita kwa malipo ambayo kampuni ya nyumbani haiwezi kuyafikia. Kila msimu, kwa hiyo, ni lazima pia uwe darasa la kuandaa watakaoshika nafasi za walioondoka.

Mizani ya msimu

Katika kuchagua michezo, kazi zinazojulikana hutegemewa kujaza viti, na kazi mpya huipa kampuni sura yake. Porgy and Bess ya George Gershwin imeipeleka kwaya hiyo katika majukwaa ya Ulaya. Kwa upande wa kazi za nyumbani, mwaka 2010 kampuni ilitoa michezo mitano mifupi ya watunzi wa Afrika Kusini, kila mmoja wa dakika 20. Mandela Trilogy, inayosimulia maisha ya Nelson Mandela, nayo imeonyeshwa nje ya nchi.

Kwa kuwa hakuna ruzuku inayotosha, fedha hutafutwa kwa wafadhili, kwa mauzo ya tiketi na kwa ziara za nje. Ziara moja ikivunjika, hesabu za msimu mzima huweza kuyumba.

Lipo pia suala la watazamaji. Khayelitsha, moja ya vitongoji vyenye utamaduni mkubwa wa kwaya, iko takriban kilomita 30 kutoka Artscape, safari isiyo fupi usiku kwa asiye na gari. Sheria iliyowazuia watu mlangoni ilikwisha zamani. Bei ya tiketi na nauli ya kurudi nyumbani bado zipo. Uhai wa opera katika jiji hilo utategemea kama wazazi wa wanaoimba jukwaani watapata nafasi ya kuketi ukumbini.