Fimbo ya Snuka ya Mtumba na Historia Iliyomo Ndani Yake

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini sisi tuliokaa Uingereza miaka mingi, tukazoea kumalizia jioni za baridi katika vilabu vya snuka, tumejifunza kwamba fimbo ya mtumba inaweza kumfaa mchezaji kuliko mpya. Sharti ni moja: mnunuzi ajue kila sehemu yake iliwekwa kwa kazi gani. Ndiyo maana leo tutaanza na historia kabla ya kufika kwenye bei.

Tulianza vibaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, tukiwa wanafunzi wa uhandisi, tulichangishana tukanunua fimbo moja iliyong'aa sana katika duka la mitumba. Mzee wetu mmoja, baharia mstaafu kutoka Unguja, aliishika, akafumba jicho moja, akaitazama kwa urefu kama mtu anayelenga shabaha. Akacheka. "Wanangu, nyinyi mmenunua vanishi." Fimbo ilikuwa imepinda, na kishiko kilikuwa kimekatwa na kupunguzwa. Wahandisi watarajiwa, na hatukupima hata kitu kimoja!

Wachezaji wa kwanza wa biliadi huko Ulaya hawakuwa na fimbo kama hii. Waliusukuma mpira kwa kigongo chenye kichwa kipana. Mpira ulipokwama ukingoni mwa meza, kichwa kilikosa nafasi, basi wakakigeuza na kuupiga kwa mkia wake. Kwa Kifaransa mkia ni "queue", na ndiko lilikotoka jina ambalo Waingereza huiita fimbo hii hadi leo. Mwanzoni mwa karne ya 19 ofisa wa jeshi la Ufaransa, François Mingaud, alivumisha ncha ya ngozi. Inasimuliwa kwamba alikuwa mfungwa alipoishughulikia. Ngozi hushika chaki, haitelezi, na mpira ukaanza kutii: unazunguka, unasimama, unarudi nyuma.

Kwa hiyo ngozi iliyochakaa isikutishe, kwani hubadilishwa kwa fedha kidogo. Tazama kipete cha shaba kinachoishika na mti ulio nyuma yake. Ukikuta mti umekwanguliwa ukawa mwembamba, hapo hakuna fundi wa kuurudisha. Ncha nyingi za snuka zina upana wa milimita 9 hadi 10, maana mpira wenyewe ni milimita 52.5 tu.

Snuka yenyewe ilizaliwa India mwaka 1875, katika mji wa Jabalpur, miongoni mwa maofisa wa jeshi la Uingereza. Anayetajwa kuianzisha ni Neville Chamberlain, si yule aliyekuja kuwa waziri mkuu. Mchezo uliporudi Uingereza ulikuta mafundi wa fimbo za biliadi tayari wako kazini, na kazi zao ndizo tunazozikuta leo katika minada na maduka ya mitumba.

Mti wa mbele huwa ni eshi au mepo. Eshi ni mti uleule wa mipini ya zana, kwa kuwa huvumilia mshtuko bila kuvunjika. Nyuzi zake huonekana kama vichwa vya mishale, na wachezaji wengi huzitumia kuishika fimbo upande uleule kila mara. Mepo ni laini kwa macho, hauna mishale hiyo, na wapo wanaoupenda kwa sababu hauwavutii macho. Kishiko cheusi mara nyingi ni ebony. Wengi wetu huuita mpingo, ingawa mpingo wa kwetu ni wa ukoo mwingine. Pale weusi unapoungana na mti mweupe, chunguza ncha za maungio: zikiwa kali na za kulingana, ni kazi ya mashine, zikiwa za mviringo, ni kazi ya mkono.

Uzito wa kawaida ni kati ya gramu 480 na 540, na urefu unaopendwa ni karibu sentimita 147. Kanuni hudai tu isipungue sentimita 91. Yaliyobaki ni mkono wako. Stephen Hendry alishinda ubingwa wa dunia mara saba, kati ya 1990 na 1999, kwa fimbo ya bei rahisi aliyoanza nayo ujanani. Ilipovunjika katika mizigo ya ndege mwaka 2003, fedha zake hazikuweza kununua nyingine kama ile.

Kuna jambo moja linalotugusa sisi zaidi. Mipira ya kale ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe laini za Afrika Mashariki zilipendwa sana. Wapagazi walizibeba begani kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, zikavushwa Unguja, kisha Ulaya na Marekani. Jino moja lilitoa mipira michache tu. Uhaba ulifika mahali ambapo mwaka 1863 kampuni ya Phelan & Collender ya New York ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu mbadala. Hivyo ukikuta fimbo kongwe yenye pambo jeupe, uliza ni nini kabla ya kulipa. Sheria ya Pembe ya Uingereza ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, inakataza biashara ya vitu hivyo, isipokuwa kwa misamaha michache. Na hata bila sheria, sisi tunajua mzigo ule ulitoka kwa nani.

Mzee wetu alipofariki, wanawe walitupigia simu kuuliza fimbo yake ina thamani gani. Tuliipima: sentimita 145, gramu 510, imenyooka, kishiko kimekwaruzwa pale alipozoea kushika. Bei tuliijua, lakini hatukuitaja. Tuliwaomba kwanza wawape wajukuu waishike mmoja mmoja, kwani huenda aliyeumbiwa fimbo ile yumo humo humo nyumbani.