Drakma, Dirhamu na Hela: Njia ya Sarafu hadi Mbulu na Hanang

Katika nyanda za juu za Mbulu na chini ya Mlima Hanang, mali ilihesabiwa zizini kabla ya kuhesabiwa mfukoni. Kwa Wairaqw na Wadatoga, ng'ombe ndiye aliyekuwa hazina, mahari na fidia. Sarafu ilipofika huko ilikuwa tayari imezunguka dunia kwa zaidi ya miaka elfu mbili.

Alexander wa Masedonia, ambaye watu wa pwani humwita Iskandari, alifariki mwaka 323 KK. Majemadari waliogawana milki yake walijitangazia ufalme kwa fedha. Tetradrakma yake, yaani drakma nne, ilikuwa na uzani wa gramu 17 hivi. Ptolemy wa Kwanza, aliyetwaa Misri, aliipiga chapa ya Alexander aliyevikwa ngozi ya kichwa cha tembo. Kisha akaipunguza hadi gramu 14 hivi, na fedha za wageni zikalazimika kubadilishwa mpakani. Mwanawe alipeleka watu pwani za Bahari ya Shamu kuwakamata tembo wa vita.

Je, sarafu hizo zilifika kwetu? Mwaka 1932 Harold Mattingly alichapisha maelezo ya sarafu ambazo C. W. Haywood alisema alizipata Bur Gao, kusini mwa pwani ya Somalia, miaka ishirini hivi kabla. Mlikuwamo za akina Ptolemy, za Roma, na nyingine za karne za baadaye sana. Neville Chittick alipoikagua pwani hiyo katika miaka ya 1960 hakukuta dalili ya makazi ya enzi hizo za kale. Hapo ndipo shaka ilipoingia, kwani sarafu ni za kweli, lakini udongo uliozihifadhi haukuandikwa. Na Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 BK, kinataja pembe zikitoka Rhapta, na mikuki, mashoka na vioo vikiingia. Biashara ya namna hiyo haikuhitaji kichwa cha mfalme.

Sarafu yenyewe ikichelewa, jina lake halikuchelewa. Drakma iliingia Uajemi, Waarabu wakaiita dirhamu, na mwishoni mwa karne ya 7 Khalifa Abd al-Malik akaondoa sura za wafalme na kuacha maneno matupu. Maneno hayo yalifika Pemba. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Mark Horton na wenzake walichimbua sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha na zenye majina ya watawala wa hapa hapa. Maandishi ya upande mmoja yanaitikia ya upande wa pili kwa vina. Mtawala wa pwani alijitambulisha kwa mizani ya ushairi. Dinari za dhahabu zilizokuwa pamoja nazo zilisaidia kuthibitisha kuwa zilifukiwa katika karne ya 11. Ushahidi huo ungepotea kama kila moja ingeuzwa peke yake sokoni.

Kwa Mbulu na Hanang, sarafu ilikuja na kodi. Wajerumani waliamuru mwaka 1904 kwamba rupia moja iwe heller 100 badala ya pesa 64, na mfugaji akalazimika kuuza mnyama ili apate chuma cha kulipa. Heller, iliyopewa jina la mji wa Hall, ikawa hela, na dola iliyoileta ilipoondoka, neno likabaki.

Leo heller kumi yenye tundu katikati hununuliwa na wakusanyaji wa mbali, kama inunuliwavyo tetradrakma. Mnunuzi huuliza mwaka na uchakavu. Ni nadra kuuliza ilitoka boma gani na ilimlipia nani kodi. Majibu hayo wanayo wazee wa Mbulu na Hanang, si wachuuzi, na yafaa yaandikwe pamoja na sarafu kabla haijavuka bahari.