Kuvumwani, kigoga na mkia wa mjusi

Alfajiri katika Bonde la Teleki, Mlima Kenya, mita 4,000 na ushei juu ya usawa wa bahari, udongo huwa umetunishwa na sindano za barafu. Juu yake hukutwa vibonge vya kijani kilichofifia, vingine vikubwa kama ndimu. Okota kimoja ukigeuze: hakina tako wala mzizi uliokifunga ardhini, ni majani madogo pande zote. Huo ni mmea wa jenasi ya Grimmia. Usiku maji ya udongo huganda na kuuinua. Jua likipanda barafu huyeyuka, nao hubingirika. Kila upande hupata zamu yake ya mwanga, ndiyo maana hukua mviringo.

Tuuite nini? Mara nyingi mimea ya namna hii huitwa kuvumwani, na hapo ndipo ninapokataa. Kuvumwani ni neno lililoundwa kwa akili nyingi mno kutupwa pasipo pake. Ni kuvu na mwani, viumbe wawili wanaoishi mwili mmoja: kuvu hushika jiwe na kutunza unyevu, mwani hutengeneza chakula kwa mwanga. Ndiyo yale magamba ya kijivu na ya rangi ya chungwa yaliyoganda kwenye miamba ya bonde hilohilo. Kibonge chetu hakina kuvu ndani ya ujenzi wake. Ni mmea kamili.

Watu wa Pwani wana ukoga, ule utando wa kijani unaotelezesha miguu kwenye ngazi za kisima. Lakini ukoga ni wa meno pia. Hutaja utando, hautaji mmea. Kulitohoa neno la Kiingereza, moss, kungetupa mosi, na mosi tunayo tayari, ya Mei Mosi. Mimi nashika kigoga, kwa wingi vigoga: ngeli ya vitu vidogo vinavyohesabika.

Kigoga hakina mizizi ya kweli wala mishipa ya kupandishia maji. Hunywa kwa majani, hukauka hadi kuvunjika vidoleni, kisha kikilowa huamka.

Ugumu mkubwa uko kwa jirani yake, likopodi. Kiingereza humwita kwa jina lenye maana ya kigoga chenye rungu, na mfasiri mwenye haraka atalibeba hivyohivyo. Likopodi si kigoga. Ana mizizi, ana mishipa, na ndugu zake wa kale walikuwa miti mirefu iliyozikwa kwenye vinamasi ikawa makaa ya mawe, miaka milioni 300 hivi iliyopita.

Rungu lenyewe ni kile kichwa cha vijimbegu kinachosimama nchani mwa baadhi ya likopodi. Yule wa milima yetu mirefu, ambaye mwanasayansi Lamarck alimpa jina la saururus, hana rungu. Shina lake ni nene, limesimama, limefunikwa na majani magumu yaliyopandana kama magamba. Vifuko vya vijimbegu vimejificha kwapani mwa majani hayo. Saururus ni Kigiriki: mkia wa mjusi. Mtazame akiwa kati ya mawe, mashina yamechomoza kwa kichaka, na tafsiri utakuwa umeshaipata.