Kusakinisha Si Mwisho wa Safari

Kompyuta ninazojifunzia na wenzangu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, ni kuukuu. Ndiyo maana historia ya diski za Linux inatuhusu.

Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix. Uliweka CD, ukawasha kompyuta, na mfumo mzima ukafanya kazi bila kugusa diski kuu. Ulitengenezwa uwe mgeni wa muda. Lakini watu waliupenda, wakauhamishia kwenye diski kuu, na hapo taabu ikaanza. Programu zake zilichanganywa kutoka matawi tofauti ya Debian, mengine thabiti, mengine ya majaribio. Ukijaribu kusasisha, programu moja ilidai nyingine, nyingine ikagoma, mwishowe mfumo ukavurugika.

Juni 2006 Ubuntu 6.06, mradi ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilileta diski moja ya kujaribia na kusakinishia. Tatizo la kwanza likapungua, la pili likabaki: masasisho hutoka kwenye intaneti, na siku hizi toleo la kawaida huhudumiwa kwa miezi 9 tu.

Kwetu bando ni ghali. Tunapakua masasisho Lilongwe, zaidi ya kilomita 40 kutoka hapa, na kuyaleta kwa flashi. Kwa hiyo naona kuwa kugawa diski bure ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumwezesha aliyeipokea kuutunza mfumo wake pale alipo.